Jibu: Sabufa kwenye CX-5 bila kung'oa redio ya kiwandani

Habari mkuu. Nimekusoma: una Mazda CX-5, unataka sabufa moja ya inchi 12 na amplifaya ya wati 500 RMS (nguvu halisi inayotoa mfululizo), redio ibaki ileile, na fundi kakukatalia kwa sababu redio haina matundu ya RCA, yale ya kuchomeka waya za sauti kwenda amplifaya. Inawezekana kabisa. Tafuta amplifaya inayopokea sauti moja kwa moja kutoka waya za spika. Mimi huzichukua kwenye spika za nyuma.

Ila kabla hujanunua chochote, fungua boneti utazame upande hasi wa betri. Ukiona kidude chenye plagi, hicho ndicho kinachopima chaji. Ethi (waya hasi) ya amplifaya usiifunge kwenye betri ukakiruka hicho, maana kompyuta ya gari itapiga hesabu mbovu za umeme. Ipeleke kwenye chuma cha bodi, ukwangue rangi mpaka king'ae.

Wati 500 za amplifaya ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) ni kama ampea 45 ikifunguliwa mpaka mwisho. Waya wa umeme uwe geji 4 (kipimo cha unene), fyuzi iwe ya ampea 60, nayo isikae zaidi ya sentimita 45 kutoka betri. Kwenye waya usibane hela: mwingi wa madukani ni alumini iliyopakwa shaba, kwangua kwa wembe uone weupe ndani. Na ile "3000W" ya kwenye boksi ni mapambo tu, soma RMS.

Kama yako ina mfumo wa sauti wa Bose wa kiwandani, msubiri aliyewahi kuifungua, mimi nimefunga kwenye redio za kawaida tu. Tupia picha ya betri tuone.