Maswali yenu: binti kapata mimba akiwa bado nyumbani

Nina miaka 16, mimba ina kama miezi mitano, kliniki sijaenda hata siku moja, naogopa manesi watanisema na wanataka uje na mwenza. Nifanyeje?

Mdogo wangu nenda, kesho asubuhi nenda. Mwenza wanamtaka ili mpime pamoja, kama hayupo sema hayupo, na wakidai barua mwenyekiti wa mtaa anakuandikia. Miaka 16 nyonga bado zinakua, mtoto anaweza kukwama uchungu ukaenda siku nzima na zaidi, na hapo ndo fistula inapotokea, mkojo unavuja wenyewe bila kujijua. Presha nayo inawapenda sana wenye mimba ya kwanza. Nimewahi kumpokea binti kavaa sweta mchana wa jua kali, tumbo kalikaza na kanga mbili, anasema kichwa tu kinamuuma, kumbe uso ushavimba na presha iko juu mno. Kichwa kikikuuma sana, ukiona ukungu machoni, ukivimba uso na mikono, damu ikitoka au mtoto akiacha kucheza, usisubiri tarehe ya kliniki, kimbia hospitali hata kama ni saa nane usiku. Na usijifunge tumbo jamani.

Mwanangu alikuwa form two, mtoto ana miezi minane sasa. Watamkubali shule?

Watamkubali mama. Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilifuta lile katazo la wasichana waliopata mimba kurudi shule, anarudi shule ya serikali kwenye mfumo wa kawaida, ila ana muda wa miaka miwili tu tangu alipoacha kwa hiyo msikae. Anza kwa mkuu wa shule, akizungusha panda kwa afisa elimu. La kujipanga ni nani anabaki na mtoto, maana nimeona wengi wanarudi halafu wanaacha tena kwa hilo hilo. Maziwa akamue asubuhi, mtoto anyweshwe kwa kikombe.

Aliyempa mimba ni bodaboda wa miaka 24, binti ana 15. Wazee wanataka tumalizane kifamilia, amuoe.

Hapana, nasema hapana kabisa. Huyo ni mtoto, kisheria hilo ni kosa la ubakaji hata kama binti anasema alikubali, na wazee hawana uwezo wa kulifuta kwa ng'ombe wala kwa ndoa. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Matunzo ya mtoto ni jambo lingine, yanadaiwa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, anzieni ustawi wa jamii.

Dada yangu kajifungua wiki tatu zimepita, analia tu, hataki hata kumshika mtoto. Bibi anasema karogwa.

Hajarogwa, anaumwa. Sonona baada ya kujifungua ipo na inatibika, mrudisheni kituo cha afya wiki hii hii mkaseme hivyo hivyo ulivyoniandikia. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, mpelekeni leo. Usiku mmoja wenu alale naye, mtoto akilia ambebe huyo aliyelala naye, na asubuhi mpikieni uji mzito ale kabla hajashika kazi yoyote.