Volti na ampia kupanda pamoja, inawezekana?

Swali: Fundi habari. Mimi ni kinyozi huku Koboko, stima hatuna, nina kapaneli ka sola ka volti 6 wati 3. Nilinunua kamoduli ka kupandisha volti nikakazungusha mpaka mita ikasoma 12, lakini nikiunga mashine ya kunyolea (volti 12, wati 10) inanguruma kidogo inakufa na volti zinaanguka. Kuna saketi gani ya kupandisha volti na ampia zote mbili?

Jibu: Hakuna ndugu yangu, na ukiona video ya jamaa anawasha balbu kubwa na betri ya redio, angalia vizuri chini ya meza kuna waya.

Wewe umepungukiwa wati. Volti zidisha kwa ampia ndio wati, sasa hako kapaneli jua likiwaka kabisa kanatoa volti 6 kwa nusu ampia, ni 3 basi. Ukizifanya volti 12 ampia zinashuka mpaka 0.25, tena moduli nayo inakula yake maana si unaona inapata joto, utabaki na kama 0.2 na mashine inataka 0.83. Mita ilisoma 12 kwa sababu yenyewe haili karibu chochote, ni sawa na kumuuliza mtu kama ataweza gunia kabla hujamtwika. Hata pale Jinja kwenye bwawa la umeme transfoma zinapandisha mpaka volti 132,000 na ampia zinapungua, ndio maana waya hazipotezi umeme mwingi njiani. Wangekuwa na hiyo saketi yako wangehangaika na Nile ya nini?

Kuna njia moja ya kupata vyote viwili, ongeza paneli. Chukua 4 kama hiyo, unga mbili mbili kwa mfuatano (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine) halafu hizo jozi sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), hapo una volti 12 na ampia 1, vimepanda vyote lakini ni kwa sababu umenunua wati 12.

Kama hela hakuna, weka akiba. Bomba linalodondosha huwezi kuoga chini yake ila ukitega jerikani asubuhi unaoga vizuri. Tafuta seli mbili za lithiamu za laptopu ya zamani zilizo bado nzima, ziunge sambamba, chaji na paneli kupitia kamoduli ka kuchaji, halafu hako kako ka kupandisha kakae upande wa mashine. Jua la masaa 5 kwa nusu ampia kwenye seli za volti 3.7 ni kama wati-saa 9 (wati zidisha kwa masaa), ukitoa zinazopotea unanyoa dakika 45 hivi, vichwa vinne ukiwa na mkono mwepesi.

Angalia moduli yako kama inavumilia ampia 4 upande wa kuingiza, tudogo twingine tunaungua. Na kabla hujaunga seli pima kila moja, zikipishana zaidi ya volti 0.1 hivi usiunge, chaji kwanza moja moja mpaka zilingane.