Mashine imewashwa, mbona shingo bado inavutwa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kaka yangu ana distonia ya shingo, ugonjwa wa misuli kujikaza yenyewe na kuvuta kichwa, mwaka wa tisa sasa. Sindano za botulinamu, za kulegeza misuli, zilimfaa, baadaye zikaacha kumsaidia. Wiki sita zilizopita alipasuliwa, akawekewa nyaya kwenye ubongo na betri kifuani. Mashine imewashwa, lakini shingo bado inavutwa kushoto. Mgonjwa mwenzake wodini, mwenye ugonjwa wa Parkinson, aliwashiwa yake na mkono ukaacha kutetemeka palepale. Kaka anasema amepasuliwa bure. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni mapema mno kusema hivyo. Nami nina betri kama hiyo chini ya mtulinga wa kulia, na wiki ya sita naikumbuka vizuri: nilinuniana na kila mtu nyumbani, hata paka.

Kinachomtesa kaka yako ni huyo wa kitanda cha pili. Tetemeko la Parkinson linaweza kutulia daktari akiwa bado ameshika kidhibiti mkononi. Distonia ina mwendo wake. Kwa kawaida ncha za nyaya huwekwa ndani kabisa ya ubongo, kwenye sehemu iitwayo globasi palidasi, na mara nyingi hupiga umeme kama mara 130 kwa sekunde. Umeme huo huvuruga amri mbovu zinazokwenda kwenye misuli, ila ubongo uliokosea miaka tisa haujirekebishi kwa siku moja. Huchukua wiki, mara nyingi miezi. Mitikisiko hutangulia kupungua. Kule kuvutwa upande mmoja hufuata nyuma, tena polepole.

Mimi kichwa kiliacha kutikisika mwezi wa pili, lakini kikabaki kimepinda. Enzi hizo nilikuwa nikitaka kukinyoosha lazima niguse kidevu kwa kidole (kaka yako naye hakosi ujanja wake). Mwezi wa tano, nikikunja mashuka, nikashtuka: mikono yote miwili imeshika shuka, na kichwa kimenyooka chenyewe.

Siwezi kukuahidi kwamba atanyooka kabisa. Misuli iliyokwisha kufupika kwa kukaa imepinda, umeme hauirefushi. Tena mashine itarekebishwa mara kadhaa, na baina ya rekebisho moja na jingine mtasubiri. Akianza kuongea kama ulimi mzito, mwambieni daktari, maana huenda umeme umezidi na unaweza kupunguzwa.

Kuna mambo yasiyosubiri. Ngozi ikiwa nyekundu au ikitoa usaha juu ya betri au njia ya waya, nendeni siku hiyohiyo. Akishapata nafuu, kisha shingo ikarudi kuvutwa ghafla, huenda betri imezimika au imekwisha, hapo msilale. Ile mashine ya mazoezi ya viungo inayopasha misuli joto kwa mawimbi, ya diathemi, asiikaribie maisha yake yote. Na kabla ya kipimo chochote cha MRI, kile cha picha kwa sumaku, aseme kwanza ana nini mwilini.

Leo mrekodi video akiwa ameketi, mikono magotini, bila kugusa kidevu. Kila mwezi mrekodi tena kwenye kiti hichohicho. Mwezi wa tatu mimi nilikuwa nimeshaapa hakuna kilichobadilika. Mume wangu hakubishana nami. Aliniwekea ile video ya kwanza, akatoka nje.