Mteremko wa maktaba uwe na urefu gani?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Binti yangu anatumia kiti cha magurudumu. Maktaba tunayoitumia hapa Moshi ina ngazi tatu mlangoni, na kila Jumamosi huwa namwomba mlinzi tumbebe. Binti ameanza kukataa kwenda. Niwaombe nini wahusika?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Binti yako ana haki ya kukataa kubebwa kama mzigo, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya kuyafikia majengo ya umma. Omba kwa barua mteremko wa kudumu, ukitaja vipimo: kwa kawaida kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu, hivyo ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zitahitaji mita 5.4. Ubao mfupi unaoegeshwa mlangoni ni hatari, hasa mvua za masika zinapoulowesha. Mlango nao uwe na upana wa sentimita 90 hivi, na pawepo meza ambayo magoti ya binti yataingia chini yake bila kugonga.

Hayo ni ya jengo. Linaloniuma zaidi ni kwamba mara nyingi mhudumu humuuliza mzazi, “Anataka kitabu gani?”, ilhali msomaji mwenyewe yupo mbele yake. Mwombeni mkutubi awaelekeze wahudumu wazungumze na binti moja kwa moja, na binti mwenyewe aiandike barua hiyo pamoja nawe.