Mgeni wa siku mbili Mombasa

Dada, umesema rafiki yako anatoka Nyeri kwa siku mbili, nawe umehamia Mombasa mwaka huu tu. Usimkimbize. Mimi pia ni wa kuja, na mgeni wangu wa kwanza nilimtembeza saa saba mchana. Kichwa kilimuuma hadi usiku.

Tokeni asubuhi mkaone Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, kisha mzunguke taratibu vichochoro vya Mji wa Kale. Jua likiwa kali, kaeni kivulini mnywe madafu. Jioni nendeni Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari: mihogo yenye pilipili na ndimu, upepo, meli zikiingia bandari ya Kilindini. Hapo ndipo mtaongea kwa kweli. Feri ya Likoni pia mpande. Kwa miguu ni bure.