Jibu: Faranga 5 ya Hercules yenye gramu 22, ni halisi?

Salaam ndugu. Umesema faranga 5 yako, sarafu ya fedha ya Ufaransa yenye sura ya shujaa Hercules, ya L'AN 5 (mwaka wa 5 wa kalenda ya Mapinduzi, 1796–1797), ina gramu 22, na muuzaji anadai imelika tu. Mimi nisingekubali. Ilitoka na gramu 25. Kupoteza gramu 3 kwa kulika kungefuta picha, na yako misuli ya Hercules bado inahesabika!

Kwanza tazama ukingo: maneno GARANTIE NATIONALE yawe yamezama wazi, bila mstari wa kuungia, yaani alama ya nusu mbili zilizounganishwa, dalili ya sarafu bandia. Yangu ya kwanza ilikuwa na mstari huo, mwembamba kama unywele, iliniuma sana. Sumaku isikudanganye: fedha haivutwi, lakini hata shaba haivutwi.

Tafadhali usiisugue. Tuwekee picha ya ukingo na herufi ya kiwanda kilichoipiga sarafu (A ni Paris, K ni Bordeaux). Bei siwezi kusema kabla ya hapo.