Alhamisi Yako ya Kwanza Iten

Kocha mgeni, ukifika Iten, mji wa wakimbiaji hapa Kenya, usianzie kambini. Anzia barabarani, Alhamisi saa tatu asubuhi, pale njia za murram zinapokutana nje ya mji. Wakimbiaji watatokea kila upande: wa kambi kubwa na jaketi zao mpya, wa vyumba vya kupanga na viatu vilivyoisha soli. Kuna siku wanapita 200. Mmoja atapaza sauti kutangaza kazi: dakika moja kasi, dakika moja taratibu, mara 25. Saa za mkononi zinalia kwa pamoja, halafu huoni kitu ila vumbi.

Alhamisi yangu ya kwanza nilisimama hapo nimekumbatia daftari kifuani kama mtahiniwa anayeogopa kuchunguliwa. Mzee mmoja, kocha wa kundi jingine, akaja. "Chamgei." Tukasalimiana. Akauliza vijana wangu wanakimbia kilomita ngapi kwa wiki. Nikamdanganya. Akacheka, akanitajia hesabu yenyewe, na hakukosea hata kwa kilomita kumi. Kumbe alikuwa akipishana nao kila alfajiri.

Basi hilo la kuficha programu za mazoezi lisikusumbue. Mji uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, barabara nzuri za kukimbilia zinahesabika, na kila mtu anamwona kila mtu. Renato Canova, Mwitaliano aliyewanoa mabingwa wengi hapa, ameweka programu zake hadharani miaka nenda miaka rudi, kilomita kwa kilomita. Waliozinakili ni wengi. Karatasi haikuambii kijana gani hulala vibaya akiwa na deni, wala yupi husema "niko sawa" huku anachechemea.

Ushindani upo, tena mkali, ila hauko kwenye programu. Uko kwenye watu na nafasi. Marathoni ya Olimpiki nchi hupeleka wakimbiaji watatu tu, na katika Bonde la Ufa pekee wanaostahili huwezi kuwamaliza kwa vidole. Meneja naye ana nafasi chache za mashindano ya Ulaya. Hapo ndipo makocha hununiana, na hapo ndipo utakapoonja mara ya kwanza kuondokewa na mwanariadha.

Mimi niliondokewa na kijana niliyemlea miaka mitatu. Habari nilizipata kwa jirani. Kocha wake mpya akanipigia, kwa heshima kabisa, akiomba kumbukumbu za mazoezi. Nikamwambia ajitafutie. Ndani ya daftari lile mlikuwa na mstari wa wino mwekundu: kano ya kisigino cha kushoto, asikimbizwe vilima siku mbili mfululizo. Wiki ya tatu akakimbizwa. Msimu mzima ukapita amekaa nyumbani, na wadogo zake wawili walikuwa wakisoma kwa miguu ile.

Kocha yule hakuwa na kosa. Lilikuwa langu, na sikumwambia mtu kwa muda mrefu.

Siku hizi mwanariadha akihama, nanakili kurasa za miezi minne ya mwisho na kumkabidhi yeye mwenyewe. Simpi kocha: habari za mwili wake ni mali yake, aamue atamwonyesha nani. Na wewe ukipokea anayehama, mpigie simu kocha aliyemtoka kabla hajakimbia hata mzunguko mmoja. Akikutukana, vumilia, kesho mpigie tena. Lakini jirani akikunong'oneza juu ya sindano ya "kuongeza nguvu", huo si ushirikiano. Ondoka, na vijana wako wajue kwa nini umeondoka.

Wanaosema wapinzani hawawezi kusaidiana nawakumbusha Vienna. Tarehe 30 Septemba 2019, Selemon Barega wa Ethiopia na Jakob Ingebrigtsen wa Norway walikuwa wakitafutana kwenye fainali ya mita 5,000 kule Doha. Siku 12 baadaye wote wawili walikuwa Vienna, miongoni mwa wawekaji kasi 41, yaani wakimbiaji wa kumshikia mwendo Eliud Kipchoge, mwanafunzi wa Patrick Sang wa Kaptagat, siku alipomaliza marathoni kwa 1:59:40. Jakob wakati huo alikuwa akifundishwa na baba yake mzazi. Yeye na kaka zake wawili wote walikwenda.

Kwetu mambo ni madogo zaidi. Siku ya mbio ndefu, kilomita 35 au 38, makundi matatu hutumia gari moja la maji. Uliza mapema wiki hiyo ni zamu ya nani, toa mchango wa mafuta bila kusubiri kuombwa, na ukae nyuma na chupa za wote, si za wako tu. Majina yaandike kwenye plastiki yenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Ya karatasi hubanduka kabla ya kilomita ya kumi, halafu kila mtu anadai ile yenye asali.